Presha iliyokataa kupanda: uchambuzi wa kisa cha upungufu wa kotisoli katikati ya upasuaji

Kisa hiki kilitokea katika hospitali ya rufaa ya mkoa nchini Tanzania. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa kichwa cha mgonjwa siku ile, nikitoa ganzi. Umri, kazi na tarehe nimevigusa kidogo ili mhusika asitambulike. Mwenyewe aliridhia kisimuliwe, kwa sharti moja tu: kisisimuliwe kwa kumcheka. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa dawa za usingizi, wauguzi wa wodi za upasuaji na madaktari wanaoandaa wagonjwa.

Mgonjwa na maandalizi yake

Mama wa miaka 41, mfanyabiashara wa vitenge, ana watoto wawili. Alikuwa na uvimbe wa siku nyingi kwenye kizazi, akitokwa na damu nyingi kila mwezi, na bingwa wa magonjwa ya wanawake alishaamua kizazi kitolewe. Himoglobini ilikuwa 9.8 alipoanza vidonge vya madini ya chuma, ikafika 10.6. Mwaka mmoja nyuma aligundulika kuwa na presha akaanzishiwa amlodipini miligramu 5 kwa siku. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 7.9, na kwenye faili kulikuwa na neno moja tu pembeni yake: "ifuatiliwe". Uzito kilo 78. Aliwahi kuzaa kwa upasuaji miaka minane iliyopita kwa ganzi ya mgongo, na hakupata tatizo lolote.

Nilimtembelea wodini jioni ya kuamkia upasuaji. Nilimuuliza maswali ninayowauliza wote. Una mzio wa dawa yoyote? Hapana. Uliwahi kupata tatizo na nusu kaputi au ganzi? Hapana. Kuna dawa unatumia? "Ya presha tu, daktari, na hizi za kuongeza damu." Nikaandika, nikasikiliza moyo na mapafu, nikatazama kinywa na shingo, nikamweleza habari ya sindano ya mgongo, akasaini fomu ya ridhaa. Niliona uso wa mviringo, mwekundu kidogo mashavuni. Nilidhani ni unene.

Siku hiyo ilikuwa ya nne tangu alazwe. Upasuaji ulikuwa ufanyike siku ya pili, ukaahirishwa kwa sababu chupa mbili za damu ya akiba hazikuwa zimepatikana. Katika siku hizo nne mambo matatu yaliandikwa kwenye karatasi za wauguzi, na hakuna aliyeyaunganisha. La kwanza, mgonjwa alilalamika uchovu na kichefuchefu, akawa anaacha nusu ya chakula. Ikasemwa ni wasiwasi wa upasuaji na upungufu wa damu. La pili, alihisi kizunguzungu akiinuka kitandani. La tatu, presha yake ilishuka siku hadi siku: 148/92 alipolazwa, halafu 126/80, halafu 118/74, na asubuhi ya upasuaji 104/66. Pembeni ya namba hiyo ya mwisho mtu aliandika kwamba presha imetulia. Nami niliposoma nilifurahi. Asubuhi hiyo akapewa na amlodipini yake.

Vipimo vya chumvi za damu havikuchukuliwa kabla, vitendanishi vilikuwa vimeisha.

Yaliyotokea mezani

Saa 2:40 asubuhi aliingia chumba cha upasuaji. Presha 102/64, mapigo 98, oksijeni asilimia 97. Muuguzi aliyekuwa nami, dada mwenye umri wa kutosha kuwa mlezi wetu sote mle ndani, alitaka kuweka kanula ya pili kubwa. Ile ya wodini ilikuwa imefungwa kwa plasta nyuma ya kiganja. Alipoibandua plasta, ngozi ilitoka nayo. Ilitoka utando mwembamba unaong'aa, kama ule wa ndani ya kitunguu, ukaacha kidonda chekundu cha ukubwa wa sarafu. Mgonjwa hakupiga kelele, alivuta pumzi tu. Muuguzi alinitazama. Mimi nilikuwa navuta dawa kwenye bomba la sindano, nikasema tutafunika kwa chachi.

Saa 3:05 nilimchoma ganzi ya mgongo, bupivakeini nzito ya asilimia 0.5, mililita 3, akiwa amekaa. Tukamlaza. Saa 3:12 presha ilikuwa 78/40. Hilo silo ajabu, ganzi ya mgongo hulegeza mishipa ya nusu ya chini ya mwili na presha hushuka. Nikatoa efedrini, dawa ya kupandisha presha, miligramu 6, nikafungua dripu. Ikapanda hadi 88, ikarudi 80. Nikatoa tena. Baada ya dozi tano, yaani miligramu 30, na lita moja na nusu ya ringa, nilipata 92/50. Nilipima ganzi kwa pamba yenye spiriti: ilikuwa imeishia chini kidogo ya usawa wa chuchu, mahali tunapopataka. Saa 3:25 daktari wa upasuaji akaanza.

Saa 3:40 presha ilikuwa 74/38, mapigo 118. Nilimuuliza daktari damu imetoka kiasi gani. Akatazama chupa ya kufyonzea na vitambaa, akasema haizidi mililita 300. Nikaanza adrenalini, kwanza vidozi vya maikrogramu 10, halafu miligramu 1 ndani ya nusu lita ya saline, matone 40 hadi 60 kwa dakika, maana pampu ya sindano hatukuwa nayo. Kwa hesabu ya mrija wetu wa matone 20 kwa mililita, hiyo ni maikrogramu 4 hadi 6 kila dakika. Presha ikasimama kwenye 84/42, haikusogea tena.

Mtu anayepewa dawa kiasi hicho hupaswa kuitikia. Yeye alikuwa ameegesha kichwa upande, rangi imepauka, anajibu maswali kwa neno moja moja.

Nilivyofikiri, na tulivyoamua

Nilipita orodha kichwani, na nataka kuieleza jinsi ilivyokuwa, kwa kuwa ndipo dakika zilipotumika.

Ganzi iliyopanda juu mno? Alikuwa anaminya vidole vyangu kwa nguvu, anapumua vizuri, na mapigo yalikuwa juu, si chini. Nikaiondoa. Damu inayotoka ndani bila kuonekana? Daktari alitazama tena, akafuta, pakavu. Mzio wa antibayotiki iliyotolewa saa 3:00? Hakuna vipele, hakuna filimbi kifuani, midomo haikuvimba. Bado sikuiondoa kabisa, kwa sababu mzio unaweza kuonekana kwa presha peke yake, lakini dawa yake ya kwanza ni adrenalini na tayari inaingia. Donge la damu kwenye mapafu? Oksijeni ilikuwa 97. Moyo? Mistari ya monita ilikuwa ya kawaida, ya haraka tu. Maambukizi? Hana homa, tumbo safi.

Orodha ikaisha, na namba ikabaki palepale.

Wanafunzi wa usingizi wamekuwa wakiniuliza kwa nini sikumlaza nusu kaputi wakati huo. Nilikusudia kutofanya hivyo. Mgonjwa anayezungumza ananipa kipimo ambacho mashine haina: ubongo wake unapata damu. Na kila dawa ya kulaza, hata ketamini, humnyang'anya aliyechoka ile nguvu kidogo ya mishipa iliyobaki. Tulikubaliana na daktari wa upasuaji kwamba vibanio vimeshashika mishipa mikubwa ya kizazi, kurudi nyuma hakuwezekani, ila afupishe. Akaamua kuacha mlango wa kizazi badala ya kuutoa, akaokoa kama dakika ishirini. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, na aliufanya bila ubishi.

Nikaagiza sukari ipimwe. Sikuwa na wazo maalumu, nilikuwa natafuta chochote. Ikatoka 3.4.

Hapo nilishtuka. Mtu mwenye sukari ya 7.9 wodini, anayemiminiwa adrenalini, homoni ambayo kazi yake mojawapo ni kupandisha sukari, anashuka hadi 3.4? Kufunga tangu jana jioni hakutoshi kueleza. Nikatoa dekstrozi ya asilimia 50, mililita 40. Wakati naisukuma taratibu, muuguzi alikuwa ameshika ule mkono wenye kidonda cha plasta. Akaugeuza, akanionyesha vifundo vya vidole. Mkono mzima ulikuwa mweupe wa maji ya kunde, vifundo vyeusi ti. Juu ya kiwiko, michirizi ya rangi ya zambarau, mipana.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mkono huu ni wa mkorogo."

Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya vizuri. Aliinama mpaka sikioni kwa mgonjwa, akamfunika na kitambaa upande ule ili sauti isifike kwa watu wengine mle ndani, akamwambia, "Mdogo wangu, sikusemi. Mafuta gani unapaka?"

Mgonjwa akafumba macho. "Ya kopo. Nachanganyiwa dukani."

"Tangu lini?"

"Tangu harusi ya mdogo wangu. Mwaka wa sita huu."

"Na hapa wodini?"

"Nimeliacha nyumbani. Niliona aibu."

Siku nne. Krimu nyingi za mkorogo huwa na steroidi, dawa za jamii ya kotisoli, homoni ya mwili inayoshikilia presha, na yeye aliikatiza ghafla. Hesabu ikakaa sawa mara moja: presha iliyokuwa inashuka wodini, kichefuchefu, kizunguzungu, ngozi ya kitunguu, uso wa mviringo, sukari, na adrenalini isiyoitikiwa. Nikaagiza haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, miligramu 100 kwenye mshipa. Msaidizi wangu akanikumbusha nichote damu kwanza kwa ajili ya kotisoli. Nikachota mililita 5, ikachukua nusu dakika, na saa 4:02 dawa ikaingia.

Saa 4:15 presha ilikuwa 92/54. Saa 4:30 ilikuwa 108/62, na nilikuwa nimeshapunguza adrenalini nusu. Saa 4:55 nikaifunga kabisa. Tumbo lilikuwa limeshafungwa, na jumla ya damu iliyopotea ilikadiriwa mililita 400. Mgonjwa akaomba maji.

Kwa nini mishipa haikuitikia

Juu ya kila figo kuna tezi ya adrenali. Tabaka lake la nje hutengeneza kotisoli kwa amri inayotoka kwenye ubongo: haipothalamasi huiamuru pituitari, pituitari huiamuru adrenali, na kotisoli ikitosha kwenye damu, amri husitishwa. Mtu anapopata steroidi kutoka nje, kwa kidonge, sindano au ngozi, ubongo haujali imetoka wapi. Unaona imejaa, unanyamaza. Ni kama kijana anayetumiwa fedha na kaka yake kila mwezi kwa miaka sita. Anaacha shamba, jembe linashika kutu. Siku fedha zikikatika, shamba halitoi mavuno kesho yake. Linataka miezi. Adrenali iliyolala muda mrefu hunywea kweli, na kuamka kwake kunaweza kuchukua hata mwaka.

Mwili uliotulia hutengeneza kotisoli kama miligramu 10 hadi 20 kwa siku. Upasuaji mkubwa huongeza mahitaji hayo mara kadhaa. Na kotisoli ndiyo inayoifanya misuli ya mishipa ya damu isikie adrenalini na ndugu zake. Ikikosekana, adrenalini hubisha hodi wala hakuna wa kusema karibu. Ndiyo maana efedrini, ambayo sehemu kubwa ya kazi yake ni kuchochea noradrenalini ya mwili wenyewe, ilinipa vidaraja vidogo ikaishia hapo.

Elimu hii ina historia ya uchungu. Kotisoni, steroidi ndugu wa kotisoli, ilianza kutumika kwa baridi yabisi mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, na Philip Hench na wenzake wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1950. Mwaka 1952 ikachapishwa taarifa ya mgonjwa wa miaka 34 aliyekuwa akitumia kotisoni kwa miezi minane, akafanyiwa upasuaji wa nyonga, akafa kwa mshtuko, yaani presha iliyoanguka ambayo hakuna dawa iliyoiinua. Tangu hapo dunia ya usingizi inajua kuuliza habari ya vidonge vya steroidi. Swali limebaki kwenye vidonge.

Lakini mkorogo je? Krimu nyingi zinazouzwa kwa kung'arisha ngozi, licha ya katazo lililopo nchini kwa vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali, huwa na klobetasoli ya asilimia 0.05. Hiyo ni miongoni mwa steroidi za ngozi zenye nguvu kuliko zote. Maelekezo yake halali ni wiki mbili, na isizidi gramu 50 kwa wiki. Gramu 2 tu kwa siku zinaweza kuinyamazisha adrenali. Gramu 2 ni ngapi? Kamua krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza: hiyo ni nusu gramu. Mistari minne ya namna hiyo imetosha. Mgonjwa wetu alitueleza baadaye kwamba muuzaji alikuwa akikamua tyubu nne za gramu 30 ndani ya chupa ya losheni mbele yake, na chupa ilimtosha wiki tatu, mwili mzima, asubuhi na usiku. Piga hesabu: karibu gramu 6 kila siku, kwa miaka sita, juu ya ngozi iliyokwisha kukonda na kwa hiyo inapitisha zaidi.

Baada ya upasuaji

Tulimpeleka chumba cha wagonjwa mahututi kwa usiku mmoja. Mwongozo unaofuatwa na wengi unataka haidrokotisoni miligramu 200 zipite taratibu kwa saa 24. Bila pampu, tulitoa miligramu 50 kila saa sita, jumla ileile. Siku ya pili tukapunguza, na alipoanza kula vizuri siku ya tatu tukamhamishia prednisoloni, steroidi ya kumeza, miligramu 10, kisha 5 kila asubuhi. Amlodipini tuliisimamisha.

Chumvi za damu kutoka sampuli ya mezani zilionyesha sodiamu 128 na potasiamu 4.1. Wapo wanaosubiri potasiamu ipande ndipo waamini kwamba adrenali imeshindwa. Hiyo ni kweli kwa ugonjwa wa tezi yenyewe, ambapo aldosteroni, homoni ya adrenali inayotoa potasiamu mwilini, nayo hukosekana. Kwa aliyelazwa tezi na steroidi, aldosteroni huendelea, maana yenyewe husikiliza figo kuliko pituitari. Potasiamu ya kawaida haikuondolei shaka. Majibu ya kotisoli, iliyopelekwa hospitali ya kanda, yalirudi siku ya tisa: nanomoli 41 kwa lita. Mtu aliye kwenye mshtuko kama ule hutarajiwa kuvuka 500.

Sukari ilipanda hadi 14 siku ya kwanza, ikatakiwa insulini kidogo. Kidonda kilitutesa kuliko presha. Ngozi iliyolishwa steroidi haishiki uzi. Siku ya tisa sentimita tatu zilifunguka, tukasafisha na kufunika kila siku, na palifunga wiki ya tano. Nyuzi za ngozi zilizobaki tuliziacha siku 14 badala ya siku 7 tulizozizoea.

Alipotoka tulimwandikia kadi kwa mkono, kwa Kiswahili, tukaifunika kwa nailoni: "Mwili wangu hautengenezi kotisoli ya kutosha. Nikitapika sana, nikiumia, nikizimia au nikihitaji upasuaji, nipewe haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa au msuli mara moja." Mumewe aliambiwa kuna tatizo la homoni na dawa ya asubuhi isikosekane. Mengine mwenyewe alichagua wakati wa kuyasema.

Miezi mitatu baadaye presha ilikuwa 124/78 bila dawa yoyote, sukari ya asubuhi 5.4. Maana yake presha na sukari vyote viwili vilikuwa watoto wa kopo lile. Mwaka mzima tulimtibu matokeo. Mwezi wa nane kotisoli ya asubuhi ilifika 340, na prednisoloni, iliyokuwa imeshapunguzwa hadi nusu kidonge, ikasimamishwa.

Kilichofaa na kilichokosewa

Naanza na kosa langu. Niliuliza "dawa". Kwa mgonjwa, dawa ni kitu kilichoandikwa na daktari. Mafuta ya kujipaka ni urembo. Hakunidanganya, alijibu swali nililomuuliza. Na hata ningeuliza kuhusu mafuta, niliuliza wodini, vitanda viwili kushoto na viwili kulia, mama mkwe ameketi miguuni. Nani angejibu?

Kosa la pili ni la wodi nzima, nami nimo. Presha ya mtu mwenye presha ikishuka bila dawa kuongezwa, hiyo ni dalili inayotaka maelezo. Sisi tuliipokea kama zawadi. Namba nne zilikuwa zimeandikwa mfululizo kwenye karatasi moja, kwa wino uleule. Mtu akiziweka pamoja na kizunguzungu na chakula kilichobaki kwenye sahani, angeweza kuuliza kabla ya saa 3:05.

Tatu, upasuaji wa zamani ulinituliza pasipostahili. Ganzi ileile miaka minane iliyopita ilikwenda salama, ndiyo, lakini mkorogo una miaka sita. Historia ya usingizi isomwe pamoja na tarehe ya kila kitu kilichoanza baadaye.

Nne, amlodipini ya asubuhi. Nyingi ya dawa hizi tunaruhusu ziendelee siku ya upasuaji. Kwa presha ya 104/66 ningeizuia hata bila kujua mengine.

Nilichelewa dakika ngapi? Kuanzia saa 3:40 hadi 4:02, ishirini na mbili. Siziiti nyingi wala chache. Najua tu kwamba haidrokotisoni ilikuwa kwenye droo ya pili ya meza yangu muda wote.

Lililofaa kuliko yote ni muuguzi aliyetazama mikono. Sisemi hili kwa adabu tu. Monita yangu ilikuwa na namba tano na hakuna iliyosema jambo. Yeye aliona ngozi, akasubiri nafasi, akasema. Na alijua kuuliza bila kumvunja mtu heshima, "sikusemi" likatangulia swali. Lile neno lilifungua mlango.

Kutoa dawa kabla ya majibu nako kulikuwa sahihi. Majibu yalichukua siku tisa. Dozi moja ya haidrokotisoni kwa mtu asiyeihitaji humpandishia sukari kidogo na basi. Kuinyima kwa anayeihitaji ni habari nyingine. Kuna ubishi wa haki kuhusu nani apewe dozi ya ziada: wapo wanaotumia prednisoloni kidogo kila siku, wakameza dozi yao asubuhi ya upasuaji mdogo, wakapita salama bila nyongeza, na steroidi nyingi zisizo na sababu huharibu vidonda na kualika maambukizi. Ubishi huo haumhusu mgonjwa aliyekatiwa steroidi ghafla siku nne zilizopita na presha haipandi kwa adrenalini.

Wenzangu kadhaa wameuliza, kwa nini haya hatuyaoni mara nyingi ilhali mkorogo umejaa mitaani? Nadhani sehemu ya jibu ni deksamethasoni, ambayo nayo ni steroidi. Wengi wetu huitoa miligramu 8 kuzuia kutapika kwa wanaolazwa nusu kaputi, na dozi hiyo humlinda mgonjwa kwa siku nzima bila sisi kujua. Kisha siku ya tatu, yuko nyumbani, kopo limefichwa, anatapika, analegea. Anarudi hospitali nyingine anaambiwa ni malaria au maambukizi ya kidonda. Hao nahofia zaidi kuliko huyu aliyeanguka mbele yangu nikiwa na dawa mkononi.

Fomu yetu ya kabla ya upasuaji ina mstari mpya, na muuguzi ndiye aliyeutunga: "Kuna kitu chochote unachopaka, unachomeza au unachochomwa kwa ajili ya ngozi, kunenepa, kupunguza maumivu ya magoti au pumu, hata kama si cha hospitali? Uliacha lini?" Vidonge vya kunenepesha na unga wa magoti unaouzwa sokoni vimo kwa sababu hivyo navyo vimewahi kukutwa na steroidi. Unaulizwa chumba cha pembeni, mgonjwa akiwa peke yake. Swali la mwisho, uliacha lini, ndilo ninalolitilia mkazo nikiwafundisha wanafunzi, kwa kuwa anayeendelea kupaka mpaka asubuhi ya upasuaji ana akiba fulani, aliyeacha juzi hana.

Mwezi wa pili

Mwezi wa pili baada ya upasuaji, mgonjwa wetu alikuja kliniki na mwenzake wa sokoni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Walikuwa wakinunua duka moja. Alipoona rafiki yake amelazwa chumba cha mahututi, mwenzake aliogopa, akalitupa kopo lake jalalani siku hiyohiyo. Sasa alikuwa na wiki moja hawezi kusimama muda mrefu dukani, mwili unauma, anatapika asubuhi, na amepimwa ujauzito mara mbili. Presha akiwa amelala 106/70, akisimama 82/56.

Tumekuwa tukihubiri kwenye mabango na redioni: acha mkorogo. Mwanamke huyu alitii, na kutii kwake kulikuwa karibu kumwangusha. Anayepaka steroidi kali mwili mzima kwa miaka aambiwe aje hospitali kwanza, apewe kidonge cha kushika nafasi, ndipo kopo litupwe. Tulimchoma haidrokotisoni palepale, tukamwandikia kadi ya pili, na rafiki yake akamfundisha yeye mwenyewe namna ya kuikunja isichakae kwenye mkoba.